Gari Halipigwi Hodi

Alhamisi, 1 Julai 1993. Masasi.

Wiki ya tatu leo tangu niwe na gari. Au nyumba. Kwa chini ni gari, kwa juu ni nyumba. Magurudumu yananifika kifuani. Rangi ya maziwa. Madirisha matano yenye mapazia, na ngazi ya kupandia. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, choo, na chumba cha kuogea chenye bomba la mvua. Tangi la maji lita mia tatu! Ndani ya gari! Wajerumani wawili, mume na mke, walikuwa wanazunguka nalo dunia. Walipofika Nanganga yule mama akasema dunia imetosha. Wakamwachia mtu wa hapa Masasi, Anthony, wakapanda ndege. Anthony akaniachia mimi, kwa mabadilishano ya haki, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi: yeye kachukua nyumba yangu ya vyumba vinne, mimi nimechukua hili.

Masasi nzima inasema nimeliwa. Wivu tu. Miaka kumi na minane nilikuwa karani wa ghala la korosho, wakanipunguza, wakanipa mkono wa kwaheri. Wenzangu wamefungua vibanda vya sabuni. Enzi hizi za ruksa mtu lazima aone mbali, na mimi Nurdini naona mbali kwa sababu niko juu ya ngazi.

Asiyeona mbali ni mke wangu Stamili. Siku ile ile ya mabadilishano alichukua kanga zake na sufuria moja, akarudi kwao Kitangari. Hakusema neno. Stamili akigomba najua pa kushika. Akinyamaza sina pa kushika.

Leo imekuja barua ya mjomba wake, Mzee Alfani. Kwao mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mistari mitatu tu. Ukoo utakaa Jumatano, siku ya Sabasaba. Mwanamke wao hakai ndani ya gari. Nikija na nyumba, nikaribie. Nikija na gari, nipitilize, ila kabla ya kupitiliza niandike talaka.

Nimeisoma mara nne. Miaka kumi na saba na Stamili! Simtaki mwingine, na mwingine hanitaki.

Lakini mzee kaniachia mwanya. Hakuandika nyumba ya matofali. Kaandika nyumba. Nitamthibitishia kwamba hii ni nyumba, na Stamili atapanda ngazi mwenyewe akicheka.

Kero ya pili ni watu. Nimeegesha karibu na soko. Tangu alfajiri pua zimebandikwa kwenye vioo. Ni la nani? Ni la nini? Linakula mafuta kiasi gani? Wazungu wenyewe wako wapi, umewafanyaje? Na choo, kinakwenda wapi? Hili la choo nimeulizwa mara kumi na tisa. Hadi adhuhuri nimejibu kwa ukweli. Ukweli haufai. Mtu anausikiliza wote, anashukuru, halafu anakwenda kumwita shemeji yake naye aje aulize.

Kesho nitajibu kwa akili.

Ijumaa, 2 Julai. Masasi.

Mpango wa leo ulikuwa uongo mfupi. Aliyeuliza nilimjibu kwamba hili ni gari la kung'olea meno. Nani atachungulia mahali meno yanapong'olewa? Wa kwanza alirudi nyuma hatua tatu. Wa pili alikimbia. Nikanywa chai yangu kwa raha, pazia wazi.

Saa tatu wamefika watu kumi na wanane, mashavu yamefungwa vitambaa.

Nimewaambia daktari hayupo. Wamesema watamngoja, wakakaa chini. Nimewaambia daktari amekwenda Ndanda, harudi leo. Mama mmoja, Isabela anaitwa, shavu limevimba hadi jicho limefungika, amenishika ukosi wa shati na kuniambia kwamba hata mimi ninafaa. Nimeogopa. Nimechemsha maji kwenye lile jiko, nimetia chumvi, nikampa asukutue. Akapata nafuu kidogo. Mzee mmoja naye akaomba, akasukutua, akatema, na jino lake likatoka lenyewe likaingia kwenye sinki. Lilikuwa linangoja kisingizio tangu mwaka juzi. Vigelegele!

Hadi adhuhuri walikuwa thelathini na wanne. Nimewakimbia hadi msikitini, na hata huko, tulipomaliza kutoa salamu, jirani yangu wa kulia alinigeukia akafungua kinywa chote. Nikamtazama, ningefanyaje? Gego la pili kutoka mwisho.

Jioni nimejaza tangi upya, ndoo kumi na tano. Mgongo unauma.

Jumamosi, 3 Julai. Masasi.

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jawabu. Kwa nini watu wanachungulia hapa, na hawachungulii nyumbani kwa mjumbe? Kwa sababu kwa mjumbe ni nyumba! Nyumba ina heshima yake. Unasimama mbali, unapiga hodi, ukiitikiwa unaingia, usipoitikiwa unakwenda zako. Gari halipigwi hodi. Gari ni kama mbuzi wa mnadani, kila mtu anamshika mbavu. Dawa ni moja: niwafundishe kwamba hii ni nyumba. Tena nitakuwa nimeanza kesi yangu ya Jumatano mapema.

Nimetafuta rangi nyeusi, nimeandika mlangoni kwa herufi kubwa: HII NI NYUMBA. PIGA HODI.

Ajabu! Pua zote zimebanduka. Watu wamesoma, wamewasomea wasiojua kusoma, wamejipangusa miguu. Kimya cha dakika tano. Nimekaribia kulia kwa furaha.

Halafu mtu akapiga hodi.

Na mimi nikasema karibu. Sikukusudia! Mdomo umesema wenyewe. Marehemu mama yangu alinilea hivyo: hodi ikipigwa, karibu inatoka kabla hujajua nani yuko nje. Mtu ameingia, amekaa. Mgeni akikaa anapewa jagi la maji. Akishapewa maji anaulizwa habari za nyumbani, na yeye ana nyumba kubwa yenye habari nyingi. Kabla hajaondoka, hodi nyingine. Karibu. Hodi. Karibu. Niliuma ulimi nisijibu. Haikusaidia, karibu ilipitia puani.

Wageni thelathini na mmoja. Wale waliokuwa wanachungulia kwa nje sasa wanachungulia kwa ndani, wamekaa, wanakunywa. Na swali la choo sasa wanalijibu wenyewe kwa vitendo.

Wa thelathini na mmoja alikuwa Anthony. Kapiga hodi kwa adabu kubwa, kakaa kitandani, kala karanga zangu, kapima godoro kwa shubiri. Nilitegemea aje kunicheka. Badala yake kalalamika. Sebule yangu kaifanya ukumbi wa video, ana televisheni na jenereta, lakini hapati raha. Watu hawaji kuangalia picha. Wanakuja kumuuliza gari limekwenda wapi na litarudi lini. Tangu alfajiri hodi, hodi. Nilimpa pole na kumuonyesha mlango. Machoni alikuwa na kitu kama cha mtu aliyeuza ng'ombe na kumsikia akilia zizini kwa jirani.

Kesho naondoka. Tangi nimelijaza tena. Mgongo sasa hauumi, nadhani umekufa.

Jumapili, 4 Julai. Njiani, juu ya mlima.

Nimejifunza udereva kwenye trekta la chama cha ushirika. Gari hili linafanana na trekta, isipokuwa trekta halina vyombo vya kuvunjika. Kupanda mlima wa Newala nimesimama mara sita lipoe. Kila nikisimama, kijiji kinasimama nami.

Bango la hodi limefunikwa na vumbi, nikasema afadhali. Lakini maswali yamerudi. Kituo cha tano kijana mmoja kauliza kwa sauti ya kutetemeka kama hili ndilo gari la mumiani. Yaani la kunyonya watu damu! Ningekasirika. Lakini nilichoka, na mpango ukanijia wenyewe, kama zawadi. Sikukana. Nilitabasamu polepole, nikamuuliza ana umri gani, na kama anakula vizuri.

Uwanja ulibaki na kuku mmoja. Kuku mwenyewe alikuwa anajifikiria.

Raha iliyoje! Mwendo wote uliobaki habari ilikuwa mbele yangu. Milango inafungwa. Baiskeli zinatupwa vichakani. Hakuna pua hata moja kwenye kioo. Nimekula ugali wangu peke yangu, madirisha wazi, nikasikia ndege. Namuona Stamili amekaa hapa mbele yangu anakunja kanga. Nurdini, wewe ni kichwa!

Jumatatu, 5 Julai. Kitangari.

Nimenasa. Saa moja asubuhi, mchangani, baada ya kupita Newala. Mchanga wa huku juu ni laini kama unga wa muhogo. Magurudumu ya nyuma yamezama hadi kwenye ekseli. Ili kulitoa ninahitaji watu ishirini.

Jana nilikuwa na watu ishirini kila kituo. Leo hakuna. Nimepiga kelele. Nimepiga honi. Honi imewamaliza hata wale waliokuwa wanajishauri. Nilimuona bibi mmoja kwenye mikorosho, nikamwita shikamoo bibi, na bibi huyo, ambaye alikuwa anatembelea fimbo, akaiacha fimbo na kukimbia.

Hadi saa nane nimechimba kwa sahani ya plastiki. Nikahesabu siku. Keshokutwa ukoo unakaa, mimi niko mchangani, na talaka nitaiandikia hapa hapa. Nimekaa kwenye ngazi nikalia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimelia kwa sauti.

Ndipo nikasikia hodi.

Mtu wa manjano. Manjano kope, manjano masikio, manjano kucha. Anaitwa Yohana, ni mpulizia salfa, dawa ya unga wa manjano, kwenye mikorosho, na msimu huu wa salfa watu wanamkimbia yeye pia kwa sababu ya harufu na macho kuwasha. Alisema haogopi mumiani. Mumiani akimnyonya yeye atakohoa. Alikuwa na jembe. Amechimba, amekata matawi, amelaza chini ya magurudumu, amesukuma kwa bega. Saa kumi tumetoka!

Nilimuuliza nimpe nini. Akauliza kama ni kweli alivyosikia kwa watu wa Masasi, kwamba ndani kuna bomba la mvua. Nikamfungulia. Ameoga hadi nikahofia tangi. Maji yalitoka chini ya gari manjano matupu. Akawa anaimba humo ndani. Alipotoka sikumtambua, ni kijana mzuri tu wa miaka thelathini. Alisema amezaliwa huku juu, na tangu azaliwe maji yaliyommwagikia kichwani bila kubebwa na mtu kutoka bondeni ni ya mvua peke yake. Alisema hivyo akiwa anajifuta, wala hakuwa analalamika. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya yale majagi thelathini na moja niliyowasimanga nayo watu wa Masasi.

Yohana akashika njia ya mkato. Nilipofika Kitangari habari zilikuwa zimeshafika. Mumiani kasahaulika. Sasa ni gari lenye mvua ndani. Na njia nzima imejaa kina mama wenye ndoo.

Jumanne, 6 Julai. Kitangari.

Nimeegesha nyuma ya uwanja wa Mzee Alfani. Amekuja, nimempa shikamoo, ameitika marahaba ya kukata na shoka. Kalizunguka gari mara mbili mikono nyuma. Kasema kesho. Stamili nimemuona kwa mbali akitwanga. Aliniona. Akaendelea kutwanga, ila mchi ulikosa kinu mara moja. Nimeipokea hiyo kama salamu.

Kina mama wameanza saa kumi na moja alfajiri. Hodi. Karibu. Jagi moja kila mmoja, nikagawa nusu ya tangi. Safari hii sikusimanga. Wameniachia ming'oko, viazi vyao vya porini, wameniachia karanga, wameniita baba. Wakaenda mashambani.

Mchana, kijiji kimya. Nikasema nioge, kesho ni siku kubwa. Nilikuwa kwenye chumba cha kuogea, sina kitu mwilini, povu kila mahali, maji nimeyafunga kwa kubana matumizi. Nikasikia ngazi inalia.

Mtu kaingia. Bila hodi! Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bi Esha. Mama mkwe wangu.

Lazima nieleze, maana hata kuliandika jambo hili jasho linanitoka. Miaka kumi na saba mimi na Bi Esha hatujawahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima yetu. Akija njia hii mimi naingia kichakani. Nikiwa barazani yeye anapitia nyuma. Sauti yake naijua kupitia ukuta. Mgongo wake naujua vizuri na ninauheshimu. Na sasa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye povu langu.

Alidhani hakuna mtu. Amekaa kitandani, akajirusha kidogo, akajirusha tena. Alisema peke yake kwamba godoro ni zuri, mjinga ni mjinga lakini godoro ni zuri. Amefungua sinki, akafunga. Amefungua kabati la vyombo, amenusa chumvi yangu. Halafu akageukia mlango wa chumba cha kuogea. Nikaona kivuli cha mkono kwenye kitasa.

Nikohoe? Atajua nimemsikia akijirusha. Ninyamaze? Atafungua! Mpango sikuwa nao hata mmoja. Mimi! Mdomo ukafanya ulichofundishwa. Nilikuwa ndani, ndani ya gari langu, uchi, na nikapiga hodi.

Mkono ukaachia kitasa.

Halafu Bi Esha, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Karibu."

Sekunde moja, mbili. Tukaelewa wote wawili kwa pamoja. Nimesikia ngazi, nimesikia mbio. Kaacha kandambili moja sakafuni. Nimeifunga kwenye gazeti na kuiweka kizingitini kwao wakati wa magharibi, nikakimbia.

Yamekwisha. Mama mkwe amenikuta uchi, au karibu na uchi, na kwa heshima zetu karibu na uchi ni uchi. Kesho sina hata la kusema.

Jumatano, 7 Julai. Kitangari.

Niandike polepole, nisiache kitu.

Ukoo umekaa saa tatu, wanaume mkekani, Stamili kwenye kigoda, Bi Esha ndani ya nyumba nyuma ya dirisha, sauti tu. Mzee Alfani akaniambia nianze. Nilikuwa nimeandaa hoja kumi na mbili. Nikasimama, nikasema ina mlango, ina kitanda, ina jiko. Mzee akasema hata meli ina jiko. Nikasahau zile tisa.

Akamuuliza Stamili. Stamili hakunitazama mimi. Alitazama mikono yake.

"Mjomba, mimi sikuondoka kwa sababu ya gari," alisema. "Siku ile nimetoka shamba na mzigo wa kuni kichwani. Nikafika mlangoni kwangu. Nikapiga hodi, kama siku zote, nikijua yuko ndani. Akaitika Anthony. Akanikaribisha. Akanikaribisha nyumbani kwangu."

Nilitaka mchanga uliolinasa gari uninase mimi. Wiki tatu nimewaza kila kitu, mafuta, bango, meno, mumiani, na hilo moja sikuliwaza kabisa: alikuwa amesimama na kuni kichwani. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba nimekosa. Sikuongeza lakini. Nadhani ni mara yangu ya kwanza kusema nimekosa bila kuongeza lakini.

Mzee Alfani akasema kukosa kumesikika, ila shauri ni lile lile. Hili ni gari. Akatoa kalamu mfukoni niandike talaka.

Ndipo ile sauti ikatoka dirishani. Bi Esha aliomba ruhusa aseme. Akasema jana alikuwa ndani ya kitu kile. Wazee wakaguna. Akasema alipokuwa ndani, hodi ilipigwa, naye akaitika karibu. Akasema ana miaka sitini na mitano, amepanda malori ya korosho na trekta na gari la wagonjwa, na siku zote hizo hajawahi kumkaribisha mtu kwenye gari. Gari halipigwi hodi. Kinachopigwa hodi ni nyumba.

Mzee mmoja akauliza ni nani aliyepiga hodi hiyo. Bi Esha akasema hakumuona. Mimi nilikuwa natazama kidole changu cha mguu kwa makini sana.

Mzee Alfani akaiweka kalamu mkekani. Mwishowe akasema basi, ni nyumba. Nilikaribia kuruka! Akainua mkono, hajamaliza. Kama ni nyumba, basi kwa desturi yao nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na nguo zake. Kwa maana hiyo hata ile ya Masasi ilikuwa ya Stamili, na mimi nimebadilishana kitu cha mtu. Akili nyingi huondoa maarifa, alisema, na akanyoosha kiganja kuomba ufunguo.

Nikautoa. Stamili akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga. Nilingoja niumie. Sikuumia. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la korosho begani. Talaka hakuna. Kalamu imerudi mfukoni mwa mzee.

Jioni nimepanda ngazi, nimesimama nje, nimepiga hodi. Stamili kanyamaza kwanza. Nikahesabu hadi kumi na saba. Halafu akasema karibu, na kwa sauti yake nilijua alikuwa anacheka.

Jumatatu, 12 Julai. Masasi.

Mke wangu ana akili kuliko mimi. Naandika hapa tu.

Jumamosi Anthony katufuata Kitangari mwenyewe, mbio, kwa baiskeli ya kukodi kutoka Newala. Kasikia habari za foleni ya ndoo na za watu wanaotaka kuoga mvua. Macho yamemtoka. Kwake yeye hodi hazijakoma, na video ile ile ameiona mara arobaini peke yake. Akanivuta pembeni anibembeleze. Nikamwambia kwa fahari kwamba mimi sina kitu, aongee na mwenye nyumba.

Stamili kamuacha asimame juani. Kataka nyumba ya Masasi irudi, kwa jina lake, kwa maandishi. Kataka sakafu ya saruji sebuleni. Kataka kabla gari halijaondoka Kitangari, Anthony alijaze tangi bondeni mara tatu na kina mama wachote hadi liishe. Anthony kakubali yote, kaapa kwa watakatifu ambao sijawahi kuwasikia.

Leo tuko kwetu. Vyumba vinne. Bati. Mlango wangu wa mninga, niliouchonga mwenyewe mwaka tuliooana. Hakuna pua kwenye madirisha. Hakuna aliyeniuliza choo kinakwenda wapi, maana kila mtu anakiona, kiko uani. Nimelala mchana kutwa kwa raha. Alhamdulillahi!

Nimeapa mbele ya Stamili, na mbele ya Mwenyezi Mungu, kwamba sitabadilishana nyumba na mtu yeyote tena. Sitabadilishana hata bati moja. Sitasahau kamwe habari ya zile kuni.

Alhamisi, 22 Julai. Masasi.

Stamili yuko Kitangari tangu Jumatatu, anamsaidia Bi Esha kupulizia mikorosho. Anarudi kesho.

Leo asubuhi Anthony kapita. Masikini, amekonda. Huko Newala alikolipeleka gari watu wamesongamana kutaka kuona bomba la mvua hadi mlango wa gari umeng'oka na bawaba zake, na sasa wanaingia tu, mchana na usiku, hakuna hata wa kumpigia hodi. Fundi kamwambia mlango kama ule haupatikani nchi hii. Anataka mlango wa mbao, imara, wa haraka.

Nimekataa. Nimekataa mara tatu! Nyumba si yangu, nimeapa, sigusi hata bati.

Ndipo akafunua turubai kwenye mkokoteni aliokuja nao. Sahani! Nyeupe, pana kuliko meza ya watu wanane. Unaiweka juu ya paa, unaielekeza mbinguni, inadaka picha kutoka dunia nzima. Masasi hakuna mwingine. Newala hakuna. Watu watatoka hadi Ndanda kuja kuitazama! Televisheni yenyewe sina kwa sasa, lakini hiyo itafuata.

Nikakaa nikafikiri sawasawa. Nyumba ni ya Stamili, hilo halina ubishi. Bati ni sehemu ya nyumba. Lakini mlango nimeuchonga mwenyewe kwa mikono yangu, na nilikuja nao kama mume anavyokuja na nguo zake. Kiapo kiko pale pale.

Sahani iko juu ya paa tangu saa saba. Inapendeza mno! Watu wameshaanza kukusanyika, na wameniuliza maswali ya busara kabisa. Nimetundika kanga ya zamani pale ulipokuwa mlango.

Stamili atafurahi. Kesho akifika na mizigo yake, hatahitaji hata kupiga hodi.